Nilibonyeza N

Nilibonyeza N. Nimelisema hilo mbele ya watu walionicheka, nimelisema peke yangu shambani kwetu Nyambureti nikipalilia mihogo, na mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Mwalimu Marwa kule Kemambo, nililisema tena moyoni wakati mzee aliyeshika kipaza sauti akisoma wasifu wa marehemu. Wasifu ulisema kwamba ndiye aliyeleta kompyuta Nyamongo wakati wengi wetu tulikuwa hatujawahi kugusa kibodi. Hilo ni kweli tupu. Ukasema pia kwamba alikuwa mtu wa haki, asiyevumilia uongo, na kwamba alitulea sisi wanafunzi wake kama watoto wa kuwazaa. Hapo nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, kikombe cha chai mkononi na kipande cha andazi mdomoni, na kile kipande kikagoma kushuka. Mama wa kando yangu akadhani kilio kimenikaba, akanipa kitambaa chake. Nikakipokea na kumshukuru. Ningeanzia wapi kumweleza mtu nisiyemjua kwamba kilichonikaba ni hasira?

Mwaka niliobonyeza N nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja ya kunibakiza nyumbani, na Mwalimu Marwa, ambaye alikuwa ameacha kufundisha shule, akanichukua nijifunze kazi kwake. Alikuwa amemshawishi mfanyabiashara mmoja wa Tarime mjini, muuza mabati na saruji ambaye sote tulimwita Alhaji, akodi vyumba viwili nyuma ya maduka ya Nyamongo. Chumba cha mbele tuliandika barua za watu na kupiga picha za pasipoti. Cha nyuma zilikaa kompyuta kuukuu za msaada, zimepangwa kufuata ukuta, na sakafu tuliimwagia maji kila asubuhi ili vumbi lilale. Dirisha lake moja lilitazama kijiwe cha bodaboda, kwa hiyo mazungumzo yote ya kijiweni yaliingia ndani: nani kaokota mawe yenye dhahabu, nani kafilisika, nani kakimbiwa na mke. Nililijua Nyamongo lote bila kuinuka kitini. Kompyuta zile zilikuwa maganda tu. Programu zote zilikaa kwenye mashine moja kubwa ya pembeni, tuliyoiita mashine mama, na nyingine zilinyonya kwake kila zilipowashwa. Alhaji alikuwa anafikiria kufungua chumba kama hicho katika mji wa Mugumu, na Mwalimu aliniahidi kwamba atakayekiendesha ni mimi. "Mugumu ni yako, Bhoke," alikuwa akiniambia huku akifunga mlango jioni, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha. Nililala na neno hilo na kuamka nalo. Nilikuwa nimeshaamua hata kiti changu kitakaa upande gani wa dirisha, ilhali dirisha lenyewe sijaliona.

Nilikaa nyumbani kwake Kemambo. Alikuwa na wake wawili, nyumba mbili zikitazamana katika ua mmoja, na kila nyumba ilikuwa na kihenge chake cha nafaka. Nilipewa kitanda kwa Mama Mwita, mke mkubwa, katika chumba kilichojaa majembe na magunia, ambacho kilinuka muhogo mkavu hata ukifungua dirisha kutwa nzima. Tulikula jikoni kwake, ugali mweusi wa mtama na muhogo, kwa dagaa au maziwa ya mgando. Mwalimu alikula kwetu, kisha akavuka ua akala tena kwa Nyangi, mke mdogo, hata kama ameshiba mpaka anahema, maana kuacha chakula cha mmoja ilikuwa kutangaza vita. Na sheria ya ua ule ilikuwa moja: unga wa kihenge hiki hauingii katika sufuria ya nyumba ile. Aliyepungukiwa alitoka na bakuli akaenda kuomba ng'ambo ya barabara, akampita mke mwenzie amekaa mlangoni anachambua mboga. Mimi niliona ni kichekesho. Niliacha kucheka Mwalimu aliponifundisha kazi, kwa sababu kazi yenyewe aliifundisha kwa vihenge vile.

Programu, alisema, huja katika vifurushi, na si hivi vya simu. Kila kifurushi huegemea vifurushi vingine, ndugu zake, bila hao hakisimami. Vifurushi hukaa katika ghala, na mashine huambiwa ni maghala gani iende kuchukua. Ghala letu lilikuwa DVD alizozileta Mwalimu kutoka Mwanza. Vitu vyake vya zamani, lakini vinafahamiana vyote. Intaneti ya Nyamongo wakati ule ilikuwa ya kuombea dua. Ghala la pili lilikuwa la Ouma, fundi kutoka upande wa Kenya, ambaye alikuwa akivuka mpaka wa Sirari na diski ya kubeba mfukoni, imejaa vifurushi vipya. Vilikuwa vitamu, sikatai. Tatizo ni kwamba kifurushi kipya kilidai ndugu wapya, na hao ndugu wapya hawakukaa nyumba moja na wale wa zamani, waliwatoa nje. "Huo ni unga wa nyumba mbili," alisema Mwalimu. "Ugali utaiva, lakini humu ndani hatutalala." Kwa hiyo akanizoesha jambo moja mpaka likaingia mifupani. Kabla ya kupokea chochote cha Ouma, soma orodha ya vitu ambavyo mashine inataka kuviondoa, soma mpaka mwisho. Ikitaka kuondoa usichokiruhusu, ikatalie. Mwishoni mashine iliuliza kwa Kiingereza kama iendelee, ikakuwekea herufi mbili, Y na N. Y iendelee, N isimame. Nilikuwa nimeikatalia mara nyingi, nayo ikasimama kila mara.

Siku moja Nyangi alisimama uani akasema unga wake umepungua na anayejua ulikokwenda ni yule msichana wa kuja. Alisema kwa sauti ya kufikia barabarani, na watu wa barabarani wakapunguza mwendo. Mama Mwita akatoka jikoni, mikono ina maji, akaniuliza, "Umechukua?" Nikasema hapana. "Amesema hapana," akamwambia mke mwenzie, akarudi kwenye sufuria yake. Baadaye ikaonekana kihenge kimetobolewa na panya kwa chini, lakini yeye hakumngoja panya. Nimeishi na watu wengi tangu wakati huo, wenye elimu na wasio nayo, na sijapata mwingine ambaye neno langu moja limemtosha namna ile.

Kisha ikaja habari kwamba Alhaji atakuja na wageni kutoka halmashauri waione kazi yetu, na akiridhika atatoa fedha za Mugumu. Mwalimu hakutulia. Alitaka kitu cha kuwatoa macho wageni. Mchana wa siku iliyotangulia akakaa peke yake kwenye mashine mama, akabadilisha lugha yake, na tulipowasha zile nyingine, juu ya vioo tukasoma Faili, Hariri, Tazama. Alifurahi, yule mzee. Aliwaita vijana wa kijiweni waje waone kompyuta inayosema Kiswahili, wakajaa mlangoni na kofia zao ngumu mkononi. Mmoja akauliza kama inajua na Kikurya, tukacheka wote. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Kilichobadilika kilikuwa kile cha juu tu, cha kuonekana. Kule chini, kwenye mambo ya vifurushi na maghala, mashine iliendelea kuuliza kwa Kiingereza, na Y na N zake zikiwa palepale. Hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo, na kwa nini tulifikirie?

Asubuhi Alhaji alituma printa mpya itangulie, zawadi yake, na ghala letu halikuitambua. Mwalimu alitaka kuwachapia wageni karatasi ya kuwakaribisha yenye majina yao. Akasimama kidogo, akatazama diski ya Ouma iliyokuwa juu ya meza, akasema, "Chukua humo. Lakini soma. Ikitaka kuondoa kitu, ikatalie, tutawakaribisha kwa mdomo." Akaenda kutafuta soda na viti vya kuazima. Nikachomeka diski, nikaiambia mashine kuna ghala la pili, nikaomba kifurushi cha printa. Orodha ikaja. Nikaisoma mpaka mwisho, kama nilivyozoeshwa. Ilitaka kuondoa programu ya kuandikia, ilitaka kuondoa menyu zote, na katikati yao ilitaka kuondoa kile kifurushi kilichoziwezesha zile nyingine kunyonya. Nakumbuka nilisema "hapana" kwa sauti, chumbani nikiwa peke yangu. Nikabonyeza N, nikaipeleka. Mashine ikasita kidogo, kisha mistari ikaanza kushuka: inaondoa hiki, inaondoa kile, inaondoa, inaondoa. Nikabonyeza N tena na tena kama mwendawazimu. Nikatoka mbio kumwita Mwalimu, na aliporudi na kreti ya soda begani mistari ilikuwa imekwisha. Tulipoziwasha zile za ukutani zilitoa vioo vyeusi vyenye maandishi meupe. Nje gari la Alhaji lilikuwa linaegeshwa.

Waliingia wakasimama, kila mtu akitazama vioo vile, mpaka Mwalimu akaniuliza mbele yao, "Umebonyeza nini?"

"N, Mwalimu."

"Bhoke."

"Nilibonyeza N."

Akawageukia wageni, akawaeleza kwa ile sauti yake ya darasani kwamba Y ni ndiyo, N ni hapana, na kwamba mashine haiwezi kuambiwa hapana ikafanya ndiyo. Alhaji, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mgeni mmoja akacheka, akasema mabinti wa siku hizi wana majibu. Nikaomba nijaribu tena mbele yao waone kwa macho yao, lakini nijaribie wapi? Mashine ya kujaribia ndiyo hiyo iliyokuwa imelala. Mwalimu hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema polepole, kwa huruma ya kuonekana na watu. "Kosa ningelisamehe, hata mimi nimeharibu mashine nyingi. Uongo siwezi. Nani atamkabidhi mwongo Mugumu?" Alhaji akasema hapo amesema kweli. Wakanywa soda zao wamesimama, wakaondoka, na mimi nikapita katikati ya vijana wa kijiweni waliokuwa wamesikia kila kitu dirishani.

Nilipofunga mizigo yangu Kemambo, Mama Mwita alisimama mlangoni pa kile chumba cha magunia. Habari zilikuwa zimemfikia. Akaniuliza nilibonyeza nini, nikamwambia N. Akauliza N ndiyo nini. Nikamwambia ni hapana. Akageuza uso uani, ambako mumewe alikuwa amekaa anatazama miguu yake, akasema, "Amesema hapana." Mwalimu akamjibu kwamba mambo yale hayajui. Mama Mwita akaenda kwenye kihenge chake, akanijazia mfuko wa mtama, akaufunga kwa kamba ya katani. Mtama ambao haukuwahi kuvuka ua kwenda kwa mke mwenzie uliondoka na mimi mpaka Nyambureti.

Uongo wangu ulifika nyumbani kabla yangu, umepandishwa pikipiki pengine. Nililima. Watoto wa njiani walijifunza kunitania, wakiambiwa waondoke mahali wanasema "N" na kubaki. Nikasikia chumba cha Mugumu kimefunguliwa, amepewa kijana wa Tarime mjini. Baadaye nilikwenda Mwanza, nikapata kazi kwenye duka la kutoa kopi, miaka ikapita, nikawa fundi wa kutegemewa. Siku moja mteja akaleta mashine yake, ameiweka Kiswahili, niiongezee kifurushi fulani. Ikataka kuondoa vitu. Nikabonyeza N, na mistari ikaanza kushuka. Nilikaa nikaitazama mpaka ikaisha. Kisha nikaomba kitu kingine, ikauliza tena, na safari hii nikabonyeza H. Ikasimama. Kumbe ndivyo. Mashine iliyoambiwa kwamba mwenye nayo anasema Kiswahili inaichukua N kuwa ndiyo, na hapana yake ni H, hata kama swali lenyewe bado inaliuliza kwa Kiingereza na kukuandikia Y na N. Kuna mtu mahali fulani aliyeiheshimu lugha yetu akaipangia hivyo, Mungu ambariki huko aliko. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akachungulia. Kisha nikalia.

Na siku ile nikamsamehe Mwalimu. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo linaloniuma zaidi sasa. Nilisema moyoni, mzee wa watu angejuaje? Alichoniambia ndicho alichokijua. Niliwahi kufikiria kwenda Kemambo kumweleza, nikaona nitamtia simanzi bure uzeeni kwamba Kiswahili chake cha kuwapendeza wageni ndicho kilichoniponza. Nikanyamaza kwa ajili yake. Nilirudi Mara, nikafungua duka langu la kuchapa, Mugumu ile ile, kwa fedha yangu na bila ahadi ya mtu, na niliposikia amefariki nikafunga duka nikaenda kumzika nikiwa na moyo mweupe.

Ulidumu mweupe mpaka Ouma alipovuta kiti akakaa kando yangu pale chini ya turubai, kabla wasifu haujasomwa. Amezeeka, meno ya mbele yamekwenda. Tukajuliana hali, akauliza kazi, nikamwambia nafanya ile ile. Akachezea kikombe chake. "Bhoke, wacha nikuambie kitu," akasema. "Huyu mzee alijua."

Nikamuuliza alijua nini. Akanieleza kwamba ni yeye aliyeitwa kuifufua mashine mama baada ya mimi kuondoka. Aliijenga upya kutoka kwenye DVD, Mwalimu akairudishia Kiswahili chake, kisha wakajaribu tena ile printa. Orodha ikaja, Ouma akabonyeza N aikatalie, na mistari ikashuka mbele ya macho yao wawili. Wakaijenga tena. Wakajaribu kila herufi mpaka wakaipata H. Ilikuwa wiki ile ile, mimi sijamaliza hata mtama wa Mama Mwita.

"Nilimwambia aite huyo msichana," Ouma akasema. "Akaniambia, mura, kijana wangu, nitamwambia nini Alhaji? Kwamba ni Kiswahili changu kiliua mashine? Akarudisha Kiingereza. Hakuguza lugha tena."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mgeni, mama. Ningeongea kama nani?"

Wasifu ukaanza kusomwa, mtu wa haki, asiyevumilia uongo, na andazi langu likakwama pale nilipokwishasema. Kutojua kwako, Mwalimu, nilikuwa nimekusamehe. Lakini kujua, ukanyamaza, ukaendelea kula sahani zako mbili kila jioni huku mimi naitwa mwongo na watoto wa njiani, hilo silisamehe, na naliandika hapa nikiwa na akili zangu timamu. Kosa ningelisamehe, Mwalimu. Maneno hayo ni yako.

Tulipotoka kaburini niliingia kwa Mama Mwita kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, macho yake hayaoni tena vizuri, akanitambua kwa sauti nilipomwamkia shikamoo. Akanishika mkono, akanikalisha, na hakuuachia. Akasema jambo moja limemkaa rohoni tangu mzee aanze kuugua. Zamani zile, wiki chache tu baada ya mimi kuondoka, Mwalimu aliaga kwamba anakwenda Nyambureti, akarudi jioni akamwambia kwamba amenikuta, ameniomba radhi, na tumeyamaliza. "Nilimwamini," akasema. "Lakini nimekuwa nikijiuliza. Alikuja kweli, mwanangu? Mkayamaliza?"

Nilitazama ule mkono uliofunga mfuko wa mtama kwa kamba ya katani, sasa umebaki mifupa na mishipa, na nikaona kwamba jibu la kweli halitamfikia aliyelistahili. Yeye ameshafukiwa. Litamfikia huyu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akapumua kwa nguvu, akawageukia wale wanawake. "Amesema ndiyo," akawaambia, kwa sauti ile ile ya siku ya unga, na wote wakaniamini.